Ushuhuda wa Muuza Nguruwe

Katika Jumba la Moyo Mweupe hapa mjini Huwei, mimi ndiye mwandishi wa maisha ya watu. Sikuiomba kazi hiyo. Nilistaafu ualimu, mke wangu akachoka kuniona sebuleni, akanisukuma huko nikajitolee, na walipogundua kwamba naweza kupanga maneno wakanipa kamera na meza iliyo karibu na choo. Jumba letu ni shule ya roho. Jumamosi tunawafundisha watoto kukaa kimya na kushukuru, siku nyingine tunawafundisha wazazi wao. Mwanagenzi anayetaka shati la kijani la mjitoleaji kamili lazima apande jukwaani siku ya sherehe, asome ushuhuda wa maisha yake kwa dakika tatu. Ushuhuda huo nauandika mimi. Mpaka leo nimeandika mia na arobaini na kitu, na wote ni mmoja: nilikuwa mbaya, nikakutana na Jumba, sasa ni mzuri. Niamshe usingizini nitakuandikia mwingine kabla sijavaa miwani.

Wa Liao Yueh-kuei ndio pekee ninaouonea aibu. Ndiyo maana nasimulia yaliyotokea, na atakayekasirika akasirike.

Yueh-kuei alikuwa na bucha ya nguruwe katika soko la asubuhi, meza ya tatu ukitokea kwa wauza samaki. Mwanamke mfupi, mabega mapana, sauti ya kugombeza hata anapokusalimia. Mume wake, Ting, alianguka kutoka paa la ghala alilokuwa analiziba, akafa kesho yake. Binti yao Hui-ching alikuwa na miaka mitano. Mjane alimzika mume, akakaa siku saba, siku ya nane akashika kisu cha nyama alichokiacha marehemu. Hui-ching alilelewa chini ya meza ile, amelazwa kwenye katoni, na shuleni wenzake wakamwita Kitimoto. Hata hivyo alisoma, akawa mwalimu, akaolewa na kijana wa kiwanda cha taulo. Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana mama mkwe aliyempata ni Tsai Shu-fen, kiongozi wa wajitoleaji wote wa Jumba mjini kwetu.

Sisi wa Jumba hatuli nyama. Hatuli hata vitunguu, viwe vya maji au saumu, kwa sababu tumefundishwa kwamba vinachemsha hasira. Nimekaa na watu hawa miaka kumi na mmoja, hawajagusa kitunguu, na hasira zao ziko palepale. Hui-ching alipoingia katika ukoo ule aliingia na kwenye Jumba, na kwa miaka sita hakula kwa mama yake hata kijiko cha wali. Mwaka Mpya alikuja, akakaa kwenye ncha ya kiti dakika ishirini, akaondoka kabla sufuria haijafunuliwa. Mtoto wake wa kike, Jui-jui, alifikisha miaka mitano bila kulamba chochote cha bibi yake. Kwetu, mtu kukataa chakula cha mama yake ni kumkana, na soko zima lilijua.

Siku moja Yueh-kuei akaja Jumbani kujiandikisha. Fomu ina swali: kwa nini unataka kujitolea? Wengine hujaza mambo ya huruma na viumbe wote. Yeye aliandika kwa herufi kubwa: Nataka mjukuu wangu ale kwangu. Shu-fen alisoma, akanirudishia ile karatasi akiwa ameishika kwa vidole viwili, akaniambia niinakili upya kwa lugha ya Jumba. Nikaandika kwamba mwombaji anataka kuutumikia ulimwengu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumbadilishia maneno.

Shu-fen alimpa masharti mbele ya watu. Uanagenzi ni miaka miwili. Bucha lazima ifungwe kabla ya sherehe, maana muuza nyama hawezi kuvaa kijani. Na humu ndani wote ni dada na kaka, hakuna cha ukwe. Yueh-kuei aliitikia yote, kisha akasema, "Nimeelewa, mkwe wangu." Kwa muda wote wa uanagenzi hakumwita kitu kingine, na kila akimwita hivyo shingo ya Shu-fen ilikuwa inabadilika rangi.

Walimpeleka kwenye uwanja wa kuchambua chupa za plastiki, kazi tunayowapa wanagenzi ili majivuno yatoke. Alichambua haraka kuliko vijana, akimaliza fungu lake anahamia la mwenzake, huku akiwasema wavivu bila kificho. Nilikwenda kumpiga picha nikiwa simpendi. Niseme kweli, sikumpenda tangu mwanzo. Alinifokea kwamba nimesimama kwenye mwanga wake, na kwamba mwanamume mzima anayetembea na kamera wakati wanawake wanabeba magunia aone haya. Niliona haya, nikazidi kumchukia.

Kisha likaja lile la kambi. Kila kiangazi tunafanya kambi ya watoto ya siku tatu, watu kama mia mbili pamoja na walezi, na mwaka ule Yueh-kuei aliwekwa jikoni. Siku ya kwanza watoto walisukumasukuma tofu kwenye sahani, mabakuli yakarudi yamejaa. Siku ya pili alipika uyoga kwa wali. Sijui niseme nini juu ya wali ule. Watoto walirudi mara mbili, mara tatu. Shu-fen mwenyewe aliongeza, akasimama kutusomea somo fupi kuhusu ladha inayotoka kwenye moyo uliotulia. Alasiri mmoja wa wapishi akakuta chupa ndani ya kapu la Yueh-kuei: vitunguu vidogo vilivyokaangwa kwa mafuta ya nguruwe.

Basi patashika. Kuna waliojitapisha nyuma ya bweni. Shu-fen alitangaza kufunga siku tatu ili ajisafishe, na akaagiza mwanagenzi apige magoti mbele ya kila meza aombe radhi. Meza ishirini na mbili. Hui-ching, aliyekuwa mlezi wa watoto, alisimama mlangoni ameshika kipaza sauti cha nyimbo, akamtazama mama yake akitambaa kutoka meza moja hadi nyingine. Hakusogea. Yueh-kuei aliomba radhi kote bila kupepesa macho, na kwenye meza ya mwisho, ambayo ilikuwa yetu viongozi, akaongeza kwa sauti ya kawaida, "Nisameheni. Lakini sufuria mmeikwangua."

Mimi nilicheka. Ilinitoka tu. Tangu siku hiyo chuki yangu ikahama, ikaenda kukaa kwa Shu-fen, na huko ndiko iliko hadi sasa.

Kosa lile lilimwongezea mwaka mzima wa uanagenzi. Nilidhani ataacha. Hakuacha. Jui-jui alikuwa ameanza masomo ya Jumamosi, na mwanagenzi anayefagia ukumbi aliruhusiwa kumwona mtoto akipita. Alifagia ukumbi ule hadi mbao zikang'aa. Mtoto alimwita Dada Liao, kama wote walivyofundishwa.

Mwezi mmoja kabla ya sherehe nilikwenda sokoni kuchukua habari za maisha yake. Ilikuwa wiki yake ya mwisho ya kuuza, alishampangisha meza jirani yake, muuza bata. Aliongea huku akipasua mbavu. Nilimuuliza, kama ninavyowauliza wote, ni lini alianza kuona kwamba maisha yake yalikuwa gizani. Alisimamisha kisu.

"Giza gani, Mwalimu Chung? Hapa nina taa mbili."

Nikamweleza maana yake. Akasema hajawahi kuua nguruwe hata mmoja, ananunua nusu nusu kutoka machinjioni, anakata. Akasema watu waliomcheka ndio waliokuja kukopa maini wanawake wao walipojifungua. Akanionyesha chini ya meza mahali Hui-ching alipokuwa akifanya hesabu za shule, miguu yake imefunikwa kwa aproni. Aliyasema yote kwa majivuno, na yalikuwa majivuno halali. Niliandika kurasa nne, na kwa mara ya kwanza tangu nistaafu nilifurahia kuandika.

Shu-fen alizisoma kurasa zile amesimama. Akauliza toba iko wapi. Nikasema mama huyu hana la kutubia, amelea mtoto. Akaniambia kwa upole wake ule unaokera kuliko tusi:

"Kaka Chung, ameuza mizoga miaka thelathini na mmoja. Asipojuta, tutamvishaje kijani? Na mkwe wangu Hui-ching atamwambia nini mtoto?"

Nilipaswa kumtupia karatasi zake. Badala yake nilikwenda kwenye meza yangu karibu na choo nikafanya kazi ninayoijua. Kurasa nne zikawa moja. Taa mbili zikawa giza. Na mwishoni nikaweka sentensi ambayo Shu-fen aliipigia mstari akasema ni nzuri mno: "Najuta kila tonge nililomtia mwanangu kinywani." Hiyo sentensi hakuitunga yeye. Niliitunga mimi, kwa kalamu yangu, na niliipenda.

Siku ya mazoezi Yueh-kuei alisoma vizuri, kwa sauti yake ya sokoni, mpaka akafika hapo. Akasimama. Akasoma tena kimyakimya, midomo ikicheza.

"Mwalimu, hili sikukwambia."

Nikamjibu kwamba kila ushuhuda una mahali kama hapo, ni utaratibu tu, watu wanalia kidogo kisha wanasahau.

"Nikilisema, Hui-ching atakuja kula?"

Shu-fen alikuwa ametuhakikishia jambo hilo mbele ya kamati. Alisema Yueh-kuei akishavaa kijani nyumba yake itakuwa nyumba ya Jumba, na hakuna sababu ya mtu kukataa chakula chake. Kwa hiyo nilisema ndiyo, atakuja. Nilisema kama mtu mwenye uhakika. Akaikunja ile karatasi, akaiweka ndani ya sidiria yake, akarudi kufagia.

Siku ya sherehe walikuja watu mia sita kutoka matawi matano. Nilisimama na kamera mbele ya jukwaa. Yueh-kuei alipanda akiwa amefungwa nywele kishungi kama wanavyotaka, uso mweupe kwa poda. Alisoma dakika tatu kamili. Alipofika kwenye ile sentensi hakusita, aliitamka neno kwa neno kama anayemhesabia mtu chenji, macho yake kwenye safu ya pili alikokaa Hui-ching. Ukumbi mzima ulilia. Hui-ching alilia mpaka akainamia magoti, na jirani zake wakamsugua mgongo wakimpongeza kwa kuwa na mama wa namna ile. Shu-fen akapanda kumvalisha shati. Nina picha hiyo. Shu-fen anatabasamu, na Yueh-kuei anatazama pembeni, kule wanakotokea watoto.

Hui-ching alisema watakuja Jumapili kula. Yueh-kuei aliniambia mwenyewe, akanialika, na Shu-fen aliposikia akaniagiza niende na kamera ili picha ziingie kwenye jarida la Jumba. Nilikwenda mapema. Jiko sikulijua tena. Kuta zilikuwa zimepigwa chokaa mara mbili. Sufuria za zamani, vibao, mabakuli, hata mwiko, alikuwa amempa muuza bata. Kila kitu kilikuwa kipya na baadhi ya vyombo bado vilikuwa na karatasi ya bei. Alikuwa amepika vyakula vinane: tofu ya mchuzi mweusi, machipukizi ya mianzi, biringani, uyoga wa aina mbili, mchicha, maboga yaliyochongwa, na maandazi ya mvuke yaliyojazwa maharage kwa ajili ya mtoto. Hakuna kitunguu. Aliniambia ninuse, nikanusa. Alikuwa amevaa shati la kijani, limepigwa pasi mpaka kwenye kola, na alikuwa hajakaa tangu alfajiri. Nilimwonea huruma, na nilijua kwamba hataki huruma yangu.

Walifika saa sita. Mume alibaki nje akitafuta pa kuegesha gari. Hui-ching aliingia na Jui-jui, akainama vizuri, akamsifu mama yake kwa chokaa. Kisha akaweka mfuko mezani, katikati ya vile vyakula vinane, akatoa hotpoti tatu na vijiti vya kulia vilivyofungwa kwenye kitambaa.

Mimi nilikuwa narekodi.

"Usichukie, Mama," Hui-ching akasema. "Ni kwa ajili ya mtoto. Tumbo lake halijazoea."

"Sufuria ni mpya."

"Najua."

"Mafuta mapya. Mwiko mpya. Mwalimu Chung ameona."

"Najua, Mama. Si sufuria." Alisema polepole, kama anavyosema na watoto wake wa darasani. "Ni nyumba. Miaka thelathini, nyama imeingia ukutani. Mama Shu-fen anasema tuipe muda, labda mwakani."

Yueh-kuei aliangalia ukuta. Kweli aliuangalia, kana kwamba anaweza kukiona alichoambiwa kimo ndani. Kisha akavuta kiti akakaa kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mwalimu, hiyo kamera inafanya kazi?"

Nikasema inafanya kazi.

"Basi shika vizuri." Akajiweka sawa, mikono mezani. "Naitwa Liao Yueh-kuei. Nimeuza nguruwe miaka thelathini na mmoja. Wiki iliyopita nilisimama mbele ya watu nikasema najuta kila tonge nililomlisha huyu. Nilisema uongo, kwa sababu niliambiwa nikisema watakuja kula. Sijuti tonge hata moja. Ninachojuta ni kile kipande cha karatasi."

Hui-ching aligeuka kwangu, uso umewiva, akaniamuru nizime. Sikuzima. Nisijisifu, hilo ndilo tendo langu pekee katika mkasa huu, na lilihitaji tu kidole kukaa mahali pake. Akanitajia Shu-fen, akanitajia jarida, akanitajia nafasi yangu Jumbani. Nikamwambia ile sentensi ni yangu mimi, mama yake hakuisema, na kwamba Shu-fen alikwishaituma kwenye matawi yote matano, kwa hiyo hii nayo itakwenda.

"Unaniaibisha, Mama," Hui-ching akasema. Sasa alikuwa analia, na hakikuwa kilio cha ukumbini. "Maisha yangu yote umeniaibisha. Nilinuka darasani. Nilinuka siku ya harusi. Nimefanya kila kitu kuiondoa harufu hii, na wewe unakaa hapo unajivuna."

Nilimwamini. Sikuwa nimewahi kumfikiria msichana yule aliyeitwa Kitimoto, nilikuwa nimeshughulika na mama yake tu. Nadhani hata Yueh-kuei lilimwingia, maana alipojibu sauti yake ya sokoni haikuwepo.

"Ulikuwa na miaka mitano," akasema. "Baba yako ana wiki moja kaburini. Hukula siku nne, unatema kila kitu, nikajua na wewe unakwenda. Siku ya kwanza nilipofungua meza nilikuchemshia ini kwenye kopo la maziwa, palepale kwenye kibanda. Ukala. Ukanishika aproni ukasema, Mama, lipo lingine?"

Alivuta bakuli, akalijaza wali, akaweka juu yake tofu na uyoga, akalisukuma mbele ya binti yake.

"Lipo lingine, Hui-ching. Kula au nenda."

Jui-jui alimtazama mama yake akisubiri kuambiwa. Hui-ching alisimama muda mrefu ameshika mfuniko wa hotpoti. Kisha akaufunika, akafunika na zile nyingine mbili, akakusanya vijiti, akamshika mtoto mkono. Nje nilisikia mumewe akiuliza mbona haraka hivyo.

Yueh-kuei alivua shati la kijani, akalikunja, akanipa nimrudishie mkwe wake. Akabaki na fulana. Akauliza kama nina njaa, au na mimi nimebeba changu. Nikaweka kamera chini nikala, vyakula vyote vinane, na yeye alikula lile bakuli alilompakulia mwanawe, mpaka punje ya mwisho.

Jumanne alikwenda kwa muuza bata kudai meza yake.